Renae Boelman na Mstari Mwekundu

Hamtaniamini. Nalijua hilo kabla sijaanza, na wala halininyimi usingizi. Kulikuwa na siku moja ya mwezi wa Machi, katika ukumbi mkubwa wa Des Moines, nusu fainali ya jimbo zima la Iowa ikiwa imebakiza pumzi chache tu. Wasichana kumi waliokuwa wakikimbizana uwanjani kama ng'ombe waliovunja uzio wakasimama ghafla, wote kwa mpigo. Filimbi haikulia. Hakuna aliyeanguka wala aliyezimia. Walisimama tu, kama picha ya ukutani. Na aliyewasimamisha ni Renae Boelman, huyuhuyu mnayemwona kila majira ya baridi akiendesha greda la kaunti, anasukuma theluji barabarani, koti limelowa mafuta na kikombe cha kahawa kinatoa moshi mbele ya usukani. Mnampungia mkono mkidhani ni dereva tu.

Basi kaeni vizuri. Mwenye kazi aiahirishe.

Renae alizaliwa hapa kwetu Mulder Grove, katika shamba la nguruwe lililo nyuma ya kanisa. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Mama yake alikuwa mzuri wa sura na mwenye akili, kama walivyo watu wote wa upande wa kwao, akiwemo kaka yake mmoja ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kusifiwa. Lakini aliyemlea Renae hasa ni bibi yake mzaa baba, Wilma, mwanamke mfupi mwenye viganja kama mabeleshi. Wilma enzi zake alikuwa mlinzi katika mpira wa kikapu. Na mlinzi, kwa zamani zile, hakuwa mlinzi kama mnavyomjua leo.

Ninyi mliozaliwa juzi hamkuuona ule mchezo, kwa hiyo nisikilizeni. Wasichana wa Iowa walikuwa na mpira wao wenyewe. Kila timu wasichana sita. Watatu wanashambulia upande ule, watatu wanalinda upande huu, na katikati ya uwanja pana mstari ambao hauvukwi. Ukidunda mpira, mara mbili tu, kisha uutoe. Mlinzi akiunyakua mpira hukimbilia mstarini, husimama kwa vidole, huwarushia wenzake wa ng'ambo, halafu hubaki pale mikono kiunoni akitazama kama jirani anayechungulia harusi asiyoalikwa. Akichezewa faulo, hata mitupo yake ya adhabu anarushiwa na mshambuliaji kule upande wa pili. Msichana aliweza kuanza kucheza akiwa mtoto hadi akamaliza shule bila kurusha mpira kikapuni katika mechi hata mara moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Mgeni angedhani ni adhabu. Kwa Wilma kilikuwa cheo.

"Kufunga kila mtu anaweza kufunga," alikuwa akimwambia Renae. "Hata mjomba wako anafunga. Lakini kumzuia anayejua kufunga, hiyo ni kazi ya watu."

Juu ya zizi, darini panapowekwa majani makavu, Wilma alitundika kikapu. Halafu akachukua rangi nyekundu iliyobaki walipopaka zizi, akachora mstari sakafuni toka ukuta hadi ukuta. Renae akiugusa anakula fagio la miguuni.

"Rudi nyuma!"

"Bibi, kidole kimoja tu."

"Kidole ni mguu. Rudi."

Jioni baada ya nguruwe kula, mjomba yule nisiyemtaja alikuwa akipanda kule juu kuwa mshambuliaji, ili mtoto apate mtu wa kumlinda. Alikuwa mchezaji hodari sana, mjomba huyo. Renae alikuwa hajafika kifuani kwake alipoanza kumpokonya mpira kila anapougusa. Mjomba alikuwa akimwachia, msifikirie vinginevyo. Siku moja alimwachia mpaka akaanguka kwenye majani, akalala hapo kitambo akihema kwa ukarimu.

"Usiutazame mpira," Wilma alikuwa akimwambia mjukuu wake kutoka kwenye kiti chake cha ndoo iliyopinduliwa. "Mpira ni mwongo. Tazama mabega ya anayeurusha. Mabega yatakwambia kama anakosa, na akikosa utaangukia wapi. Wewe nenda ukausubiri huko."

Na Renae akajifunza. Akafika mahali, mtu akirusha mpira, yeye tayari ameshageuka kwenda utakakoangukia, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni kituoni. Alipoingia timu ya shule akawa mlinzi, na washambuliaji wa kaunti nzima wakaanza kuumwa tumbo siku ya kucheza na Mulder Grove.

Halafu wakubwa wakakaa wakaamua mchezo ule ufutwe. Wasichana wacheze watano watano, uwanja mzima, kila mtu ashambulie na kila mtu alinde, kama wavulana. Renae alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize shule. Habari ilitangazwa redioni wakati wa chakula cha mchana. Wilma akaizima redio, akavaa mabuti, akaenda kuwalisha nguruwe ambao walikuwa wameshakula.

Msimu ule mpya Renae alikaa benchi. Si kwa ubaya. Kocha Terpstra alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na hesabu zake. Kila alipojaribiwa, timu ikishambulia, Renae anasimama karibu na mstari wa katikati kama aliyefungwa kamba. Wapinzani wakagundua, wakamwacha, wakaenda watano kuwakaba wenzake wanne. Akipewa mpira anautoa upesi kana kwamba ni kiazi kilichotoka motoni. Kurusha kikapuni hakurushi.

Pale kwenye duka la chakula cha mifugo, ambako wanaume wa Mulder Grove hukutana asubuhi kuongea mambo yasiyowahusu, Delbert Huisman alimpokea kwa maneno mbele ya watu wote. Delbert huyu ana kofia ya kijani ya kampuni ya mbegu. Haivui hata kanisani, mpaka mkewe amkanyage.

"Renae, mwanangu, nasikia unatafuta kazi ya kuwa nguzo ya uzio?"

"Ukistaafu wewe nitaichukua, mzee Delbert."

"Sikiliza. Siku utakayofunga kikapu katika mechi, hata kimoja, naila kofia hii. Na jasho lake."

Watu wakacheka, na Renae akacheka nao, akabeba gunia lake begani akatoka. Lakini usiku ule, wakikausha vyombo jikoni, alimgeukia bibi yake.

"Bibi, niambie ukweli. Mimi bado ni mchezaji, au nimeshakuwa kitu cha makumbusho?"

Wilma akaisugua sahani ile ile mpaka Renae akaichukua mkononi mwake. Akachukua nyingine, akaanza kuisugua nayo.

Pamoja na yote hayo, timu ilishinda na kushinda, mpaka tukajikuta nusu fainali ya jimbo. Siku hiyo Mulder Grove ilibaki na paka. Mazishi ya mzee mmoja yalisogezwa mbele, na walioomba yasogezwe ni wafiwa wenyewe, wakisema marehemu angekasirika kuzikwa wakati wa mechi. Wilma alibeba mto wa kukalia na mfuko wa mikate ya mdalasini. Mjomba alimbeba Wilma, kwa maana ya kwamba alimwendesha kwenye gari lake, akikosolewa njia nzima.

Tulikutana na timu ya Sandahl. Na Sandahl walikuwa na Missy Ohlert, msichana mrefu mwenye msuko mmoja mgongoni na midomo isiyopumzika, anayefunga kama anatia mayai kwenye kikapu cha sokoni. Mpaka mapumziko alikuwa ameshawachosha walinzi wetu wawili, na wa tatu analia. Kocha Terpstra akatembeza macho kwenye benchi, akarudi, akatembeza tena.

"Boelman. Ingia umshike yule. Na tafadhali, usijaribu kufunga."

"Sijawahi, Kocha."

Akaingia. Missy akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye nguzo ya umeme? Nimesikia habari zako. Unangoja basi pale katikati?"

Renae akamsogelea. Alikuwa ameshaanza kuyasoma mabega.

Tangu hapo mayai ya Missy yakaanza kupasuka. Akigeuka kulia, Renae yupo. Akigeuka kushoto, Renae alishafika zamani, anamngoja. Akirusha akakosa, mpira unamwangukia Renae mikononi kana kwamba aliuita kwa jina. Msuko wa Missy ukaanza kufumuka. Matusi nayo yakampungua.

"Dada we, huna kwenu?"

"Kwetu ndipo hapa," Renae akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwenye mchezo.

Lakini upande wa kushambulia mambo yalikuwa yale yale. Renae anasimama karibu na mstari wa katikati, Sandahl wanamwacha, wenzake wanne wanasongwa na watano. Tukapunguza pengo polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani, mpaka ikabaki pointi moja. Wao mbele, sisi nyuma, na saa karibu imalizike. Mpira uko kwa Missy. Hakuhitaji hata kufunga. Aukalie tu mpaka king'ora kilie. Ila aliyezoea kufunga hawezi kukaa na mpira. Renae aliuona mkono wake unamwasha.

Bega la kushoto la Missy likashuka kidogo. Kidogo sana, mimi sikuliona, na nilikuwa na darubini. Renae aliliona. Mkono wake ukapita katikati ya mpira na Missy kama kisu kwenye siagi, na mara akawa anakimbia peke yake, mpira ni wake, mbele yake hakuna mtu hata mmoja, kikapu kiko wazi kama mlango wa kanisa.

Watu wa Mulder Grove wakanyanyuka wote. Renae anakimbia, anadunda, anakimbia. Akafika mstari wa katikati.

Akasimama.

Vidole vya viatu vyake vikaugusa ule mstari, wala havikuuvuka. Mpira ameukumbatia kifuani. Macho yanatafuta mshambuliaji ng'ambo wa kumrushia, na ng'ambo hakuna mtu, maana wenzake wako nyuma yake.

Na hapa ndipo mtakaponiita mwongo. Missy Ohlert, aliyekuwa akimfukuza kwa hasira, akasimama. Wenzake wa Sandahl wakasimama. Wasichana wetu wakasimama. Wote walikuwa wamelelewa na mchezo ule ule, mama zao na bibi zao wakiwa walinzi na washambuliaji, na miguu yao iliyajua mambo ambayo vichwa vilishaambiwa yamefutwa. Mlinzi akifika mstarini, mchezo wake umekwisha. Mshambuliaji akifika mstarini, arudi. Refa mmoja alikuwa na filimbi mdomoni na mkono umenyanyuka nusu, anangoja ajikumbuke. Saa ya ukutani peke yake ndiyo iliyokuwa inakwenda.

Ndipo sauti moja ikatoka juu kwenye viti, nyembamba, kali, sauti iliyozoea kuita nguruwe upande wa pili wa shamba.

"Mstari niliuchora mimi! Vuka!"

Alikuwa Wilma. Amesimama juu ya mto wake, mkate wa mdalasini mkononi.

"Renae! Rangi ilikuwa yangu! Vuka, mtoto we, vuka!"

Renae akavuka.

Niliiona sura yake, na katika miaka yangu yote sijaona tena sura ya namna ile: kama mtu aliyekanyaga barafu ya bwawa akakuta inambeba. Akaenda. Hatua mbili, tatu, na Missy akazinduka, akamrukia kwa nyuma, wakaanguka wote wawili, na filimbi ikalia kweli.

Faulo. Mitupo miwili.

Renae akainuka, akamnyanyua Missy, akajifuta magoti. Halafu akampa mpira Jodi Postma, mshambuliaji wetu mzuri kuliko wote, akageuka akaanza kutembea kurudi upande wetu.

"Dada," refa akamwita. "Unakwenda wapi?"

"Upande wangu."

"Mitupo ni yako."

"Yangu mimi?"

"Ni wewe uliyechezewa faulo, dada. Ni wewe utakayerusha."

Ukumbi ukacheka. Walicheka hata akina mama wa Sandahl, lakini nilimwona mmoja wao, kikongwe, anafuta machozi, na si ya kicheko. Yeye naye bila shaka alikuwa mlinzi.

Mtupo wa kwanza sitaueleza sana. Haukugusa ubao. Haukugusa chuma wala wavu. Wapo wanaosema uliingia kwenye tarumbeta kubwa la bendi. Huo ni uongo, na mimi sipendi uongo: uligonga tu mdomo wa tarumbeta, likatoa sauti lenyewe.

Delbert akaishika kofia yake kwa mikono miwili, asijue aombe nini.

Renae akapewa mpira wa pili. Hakuurusha haraka. Alisogea nusu hatua karibu na Jodi akamnong'oneza, na maneno haya Jodi mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Kaa kulia, kwenye pembe ya lile eneo la rangi chini ya kikapu. Usinitazame mimi."

"Na ikiingia?"

"Haitaingia."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Renae Boelman aliyasoma mabega yake mwenyewe. Akarusha. Mpira ukapiga chuma kwa nguvu kama nyundo, na kabla haujaamua uangukie wapi yeye alikuwa ameshaondoka kwenda kuupokea. Wasichana wa Sandahl wote walikuwa wanautazama mpira. Hawakufundishwa mbele ya ndoo ya Wilma. Renae akaingia katikati ya viwiko, akaunyakua, kifundo cha mguu kikampinda, na akiwa anaanguka, bila kugeuza hata kichwa, akautoa kulia.

Jodi alikuwa pale. Hakuna aliyekuwa akimkaba. Mpira ukaingia na king'ora kikalia, kimoja juu ya kingine, hata ukawa huwezi kusema kipi kilitangulia. Refa alisema mpira. Nampenda yule refa hadi leo.

Tulishinda kwa pointi moja. Kilichofuata sikumbuki vizuri kwa sababu mtu mnene kutoka duka la chakula cha mifugo alinikalia. Lakini nakumbuka Missy akija akichechemea mpaka pale Renae alipokaa sakafuni ameshika mguu, akachuchumaa mbele yake.

"Nguzo ya umeme. Ulijua utakosa?"

"Nilijua."

"Ulikosa makusudi?"

Renae akaona haya kidogo. "Hapana. Nilijitahidi kweli kweli."

Missy akacheka mpaka akakaa sakafuni naye. Wale wawili ni marafiki hadi leo; watoto wao wanapeana nguo.

Halafu akaja Wilma, anashuka ngazi moja moja, mto kwapani, watu wanampisha kama mkuu wa jimbo. Akatoa leso yake akampangusa mjukuu wake uso na shingo, kwa nguvu, kama anayesugua sahani. Akainusa ile leso. Akakunja pua.

"Uliniuliza swali jikoni," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Kitu cha makumbusho hakinuki jasho namna hii."

Wilma ameshafariki sasa. Ule mstari juu ya zizi bado upo, umefifia, na watoto wa Renae wanauvuka huku na huku wanavyotaka. Yeye mwenyewe nimemwona akiupita kwa kuuruka, kama mtu anayekwepa dimbwi. Na huko barabarani, akifika na greda kwenye kibao cha mpaka wa kaunti, ananyanyua jembe la theluji hapo hapo kwenye mpaka, hata inchi haongezi, anageuza. Nilimwuliza, akasema ndivyo sheria ya kazi inavyotaka. Sawa. Lakini baridi iliyopita, Missy alipokwama na mama yake mgonjwa ng'ambo ya kibao, greda la kaunti yetu lilionekana likisafisha barabara mpaka mlangoni kwake, na dereva ameinamisha kofia usoni kama mwizi.

Huyo ndiye Renae wangu. Nimebakiza kidogo tu, nimalizie habari za fainali kabla hajaniita kula, maana naandikia hapa mezani kwake jikoni na sufuria linanukia. Fainali ilichezwa kesho yake. Ukumbi ulijaa hata watu wakakalia taa. Dakika ya mwisho Renae akapata mpira kwenye ule ule mstari wa katikati, akafumba jicho moja, akaurusha kwa mkono wa kushoto, ukapaa, ukapotea darini, watu wakaanza kuvaa makoti waende zao, ndipo ukashuka ukazama kikapuni bila kugusa chochote, na pale pale Delbert Huisman akaivua kofia yake, akaipaka haradali pande zote mbili, akaanza kui—

"Mjomba Gerrit."

Naam?

"Fainali nilikaa benchi na mguu kwenye ndoo ya barafu. Tulifungwa vibaya. Na Delbert jana nilimwona na kofia yake."

Nilikuwa nanogesha kidogo tu, mwanangu.

"Sijawahi kufunga kikapu, Mjomba. Hata kimoja, maisha yangu yote. Andika hivyo hivyo, nakipenda kisa kilivyo. Halafu uje ule."

Haya, nimeandika: hakufunga. Hata kimoja. Ila kuhusu ile kofia, wasomaji wangu, niaminini mimi, ukiichunguza kwa karibu pale mbele kwenye ukingo utaona alama za meno, ya juu na ya chini, na kipande kikubwa kama kiganja kime—

"Mjomba!"